Masomo Tuliyoyala

Juzi nilipasua pakiti ya unga wa ngano kwa meno, kwa sababu mkasi wa nyumba hii hauonekani kamwe siku unapotakiwa, na unga ukanimwagikia kaunta nzima. Nikainama kupangusa, nikakutana na ile harufu. Si ya mkate wala ya chapati. Ni ya unga mbichi, mkavu, wenye ubaridi fulani, unaowasha puani. Nikasimama pale jikoni kwangu Penrith na kitambaa mkononi, nikashindwa kupangusa. Baba alifariki miezi minne iliyopita na sikuwa nimelia vizuri. Mazishini nililia, ndiyo, lakini kilio cha mazishini ni cha watu wote. Hiki cha unga kilikuwa changu peke yangu, na nilikilia mpaka birika likachemka, likajizima lenyewe.

Ninyi mliokulia huku Australia kama mimi mtaniambia mlikuwa na sare, na kofia pana ya jua, na kikopo cha chakula chenye mkate wa jibini ambao hamkuutaka. Mimi na dada yangu Rehema tulisomea nyumbani, Toongabbie, kwa miaka mitatu. Watu wa kanisani walitushangaa. Mama mmoja alimvuta Mama pembeni akamuuliza, kwa sauti ya chini iliyosikika hadi mlangoni, kama tumeingia dini mpya. Hakukuwa na dini mpya yoyote. Kulikuwa na mimi tu, na mimi nilikuwa nimenyamaza.

Sijui niwaeleze vipi. Nyumbani nilikuwa naongea kama redio, hadi Rehema anaziba masikio. Shuleni, tangu siku ya kwanza, maneno yaligoma. Nilikuwa na miaka saba. Mwalimu alikuwa mwema kabisa, ananiinamia taratibu, ananukia ndimu, ananiuliza jina langu, nami nasikia koo linakazwa kama mdomo wa gunia. Mwaka mzima sikutamka neno, hata la kuomba kwenda chooni, na yaliyonipata kwa ajili hiyo mnaweza kuyakisia wenyewe. Wakanipima masikio, yakawa mazima. Wakanitazama kooni, hakuna kitu. Baada ya kikao cha mwisho na walimu, Baba alirudi, akavua viatu, akakaa kwenye ngazi za mlango wa nyuma.

Halafu akasema, "Huyu mtoto nitamfundisha mimi."

"Na kazi?" Mama akauliza.

"Kazi yangu ni ya mchana. Asubuhi niko."

"Na Rehema je?"

"Rehema naye abaki. Siwezi kufundisha mmoja nikamwacha mwenzake."

Rehema alikuwa na miaka kumi na aliipenda shule yake. Alininunia kama mwezi hivi, mpaka alipogundua kwamba nyumbani mtu anaweza kujifunza sehemu za mmea akiwa amevaa soksi na nguo ya kulalia.

Baba alikuwa mwalimu. Nakuru alifundisha shule ya msingi miaka kumi na minne, Kiswahili na hesabu. Tulipofika huku vyeti vyake havikukubaliwa, akaambiwa arudi chuo aanze upya, na wakati huo Mama ndiyo kwanza alikuwa amepata kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee. Kwa hiyo Baba akaenda ghalani kupanga maboksi. Kule Nakuru hata muuza magazeti alimwita Mwalimu. Ghalani walimwita kwa kipande tu cha jina lake, kile walichoweza kukitamka. Vyeti vilikaa ndani ya bahasha ya kaki juu ya kabati, vimelaliwa na begi letu jekundu la safari, lile tulilokuja nalo.

Nikizikumbuka zile asubuhi, zinanijia zote kama asubuhi moja ndefu isiyokuwa na Jumatatu wala Ijumaa. Mama ameshaondoka, kikombe chake bado kina joto. Jua linaingia dirishani polepole, linapanda mguu wa meza, linafika kwenye daftari. Nje wale ndege weusi kwa weupe wanaimba kama mtu anayesukutua maji kooni. Treni inapita, glasi kabatini zinalia kidogo, kisha kimya. Baba anatembea nyuma yetu akiwa pekupeku, mikono mgongoni, na nyumba nzima inanukia chai ya tangawizi. Sidhani kama nimewahi kuwa na furaha ya namna ile tena, na nasema hivyo nikiwa na mume mzuri na mtoto mzuri.

Herufi na hesabu alitufundishia kwenye unga. Yeye mwenyewe alianza kuandika kwa kidole, kwenye vumbi la uwanja wa shule yao, na alishikilia kwamba mkono unakumbuka vizuri zaidi ukigusa kitu. Sasa vumbi Toongabbie ulipate wapi? Ndani zulia, nje nyasi. Akamwaga unga mezani, akausawazisha kwa kiganja, akasema, "Haya, andika." Ukikosea unapitisha mkono tu, kosa limeondoka, hakuna kalamu nyekundu. Mama alipomfumania mara ya kwanza alishika kiuno.

"Baba Rehema! Chakula hakichezewi!"

"Hakichezewi. Kitaliwa."

Na kweli, ulikuwa ndio mkataba. Unga wa somo ulikandwa ukawa chapati. Saa saba mchana Mama anaingia na sare yake inayonuka sabuni ya wagonjwa, Baba bado hajaondoka, na kwa saa moja tunakuwa wanne mezani, tunakula jedwali la saba na milima ya Afrika. "Hii yangu ina Kilimanjaro," Rehema anasema, anaipasua. Kisha Baba anavaa viatu vya kazi, Mama anashika zamu, tunasoma naye Biblia na mifupa ya mwili mpaka anasinzia kwenye kiti.

Siku nyingine darasa lilikuwa treni. Tulikwenda hadi Cabramatta sokoni kununua mihogo na majani ya maboga, na Baba alitaka mimi ndiye niagize. Sikuweza. Nilikuwa nainua vidole vitatu, na yule mama muuzaji, bila kushangaa, anainua vyake vitatu, anaitikia kwa kichwa, anafunga mihogo. Baba hakunilazimisha. Njiani tukirudi aliniambia, "Maneno yako yapo. Yanapumzika tu." Nami nikayawazia yamelala mahali, kifuani huku, yamejifunika blanketi.

Kusomea nyumbani huku si jambo la kujiamulia tu. Kuna kibali. Cha kwanza tulipewa kifupi, cha majaribio, na kilipokaribia kwisha ikaja barua kwamba mtu wa ofisi ya elimu atatutembelea saa nne asubuhi, aone tunavyosoma. Baba aliisoma barua ile mara nyingi. Nilimsikia akimwambia Mama, "Akikataa, Februari, shule zikifunguliwa, anarudi kulekule." Anayerudi nilimjua ni nani.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo wazazi wangu, watu wenye akili zao, walipofanya kosa ambalo ninyi mtalielewa mara moja na Mwaustralia hatalielewa hata umchoree. Mgeni anakuja! Mgeni akija, nyumba inafanywaje? Jioni ya kuamkia siku hiyo, Baba akiwa ghalani, Mama akatangaza vita. Ramani zikatoka ukutani. Mimea yetu ya maharagwe kwenye vikopo ikatoka dirishani. Madaftari, michoro, kadi za maneno, mifupa ya samaki tuliyoipanga kwenye kadibodi, vyote vikakusanywa. Vile vitambaa vyeupe vya kufuma, ambavyo hutoka Krismasi na msibani tu, vikatandazwa kwenye kila sofa, na kikubwa kabisa mezani. Mama aliniambia mgeni hakuti nyumba imekaa kama soko. Na Baba hakumkataza! Wakaguzi aliowajua yeye ni wale wa kwao, ambao wakitangazwa, shule inafagiwa hadi barabarani na mawe ya njiani yanapakwa chokaa. Asubuhi aliuona ule weupe akatabasamu, akafunga tai.

Lakini mimi sikuona usafi. Nilichoona ni Mama akiteremsha begi jekundu kutoka juu ya kabati. Nilimwona akitia ndani madaftari yangu, penseli zangu, mfuko wangu wa magome ya mikaratusi. Akafunga zipu, akalisimamisha karibu na mlango wa chumbani, akasema, "Vitu vyako vyote viko humu, usihangaike." Halafu akanishika kidevu. "Kesho ukiulizwa, jibu, mama. Nakuomba."

Mnajua Mama alikuwa na hadithi gani aliyoipenda kutusimulia? Ya siku alipopelekwa bweni. Jinsi sanduku lake la chuma lilivyowekwa mlangoni jioni, jinsi mwanamke wa shule alivyokuja asubuhi na kumchukua, jinsi alivyolia wiki tatu na baadaye akazoea, akapata marafiki. Kwake ilikuwa hadithi ya kuchekesha. Mimi nilijumlisha mbili na mbili. Mgeni anakuja, begi liko mlangoni, vitu vyangu vyote vimo, vya Rehema sikuviona vikiingia. Nimekataa kuongea, sasa napelekwa mahali wanapolala watoto wasioongea.

Asubuhi, Mama akiwa bafuni na Baba akimsuka Rehema nywele, nililiburuta begi lile hadi nje. Magurudumu yalipiga kelele kwenye zege, moyo nao ukipiga kelele zake. Nikalipitisha bustani ya sukuma wiki, nikalisukuma nyuma ya kibanda cha vifaa, nikalifunika na nyasi zilizokatwa. Zilikuwa na umande na harufu tamu. Nikarudi ndani nikanawa mikono, nikakaa kwenye kitambaa cheupe kama malaika.

Mgeni alikuwa mwanamke mrefu mwenye mvi, ndala za ngozi na mkoba mkubwa. Huo mkoba niliutazama sana. Baba alimkaribisha kwa mikono miwili. Mama akaleta chai, mandazi, na sinia la sambusa lililofika katikati ya meza. Yule mama akatabasamu, akasema kwa Kiingereza, "Asante sana, lakini ningependa tuanze na kazi." Mama akabaki na sinia. Katika nyumba yetu hakuna binadamu aliyewahi kusema kazi kwanza mbele ya sambusa. Mimi nikajua mambo ni mabaya.

Akatazama kuta tupu. Akatazama meza, kitambaa, maua ya plastiki. "Watoto wanasomea wapi?"

"Hapahapa," Baba akasema.

"Naweza kuona kazi zao?"

Hapo nadhani ndipo walipoelewa wote wawili, kwa sababu walitazamana haraka. Mama akasema hakuna shida, vitu vipo, akaenda chumbani akitembea kwa maringo kidogo. Alirudi bila maringo na bila begi.

"Baba Rehema," akasema kwa Kiswahili, bado anamtabasamia mgeni, "begi liko wapi?"

"Begi gani?"

"Baba Rehema, usinitanie."

Wakatafuta. Chini ya vitanda, bafuni, ndani ya gari. Rehema akatumwa kwenye kabati la mataulo. Nilisikia milango ikifunguka na kufungwa, na sauti ya Mama ikipanda. Mgeni alikaa na kalamu yake. Aliniuliza kwa upole ninapenda kusoma nini. Maneno yakagoma, kama siku zote. Akaandika kitu. Baba aliporudi sebuleni jasho lilikuwa limemtoka, na tai imekwenda upande. Sijawahi kumwona vile, kama mtu aliyefukuzwa kazi. Nilimhurumia, nikataka kusema, lakini nikisema begi liko wapi nitakuwa nimejifungia safari mwenyewe.

"Samahani," mgeni akasema, "bila kuona chochote, sitakuwa na la kuandika."

Baba akasimama. Kisha akainua sinia la sambusa, akaliweka sakafuni. Sakafuni! Akatoa maua ya plastiki. Akakivuta kile kitambaa cha kufuma, akakikunja mara nne, akampa Mama. Akaingia jikoni, akatoka na mfuko wa unga, akaumwaga wote mezani. Ukapanda kwenye mwanga wa dirishani kama moshi, na yule mama akarudisha kiti nyuma. Baba akausawazisha kwa kiganja, polepole, kana kwamba tuko peke yetu.

"Rehema," akasema. "Mia saba ishirini na nane, gawanya kwa kumi na tatu."

Rehema akakunja mkono wa nguo, akagawa, akafika hamsini na sita, akaeleza kila hatua kwa Kiingereza chake cha madaha. Mgeni akavuta kiti mbele tena.

Baba akafuta kwa kiganja, akanigeukia. Hakuniambia niandike nini. Alisema tu, "Zamu yako, kadogo. Chochote."

Unga ulikuwa baridi. Niliandika kwa Kiingereza, kwa herufi kubwa, kwa sababu nilitaka yule mama aelewe bila kutafsiriwa, na maneno yakajaza meza nzima: TAFADHALI USINICHUKUE. BEGI LIKO NYUMA YA KIBANDA. NITAONGEA.

Mama alijiziba mdomo na kitambaa cha kufuma. Mgeni aliinama, akasoma mara ya kwanza, akasoma tena, kisha akapiga magoti ili uso wake ulingane na wangu.

"Nikuchukue nikupeleke wapi?"

Na mimi nikasema. Sauti ilitoka na kwikwi, yenye mikwaruzo, lakini ilitoka. "Bweni," nikasema. "Mama alilia wiki tatu." Na baada ya hapo mlango ukawa umefunguka. Nikamwambia habari za sanduku la chuma, na shule, na chooni, na maharagwe yaliyotolewa dirishani, na kwamba najua mifupa ya mkono yote na naweza kuitaja sasa hivi akitaka. Niliongea Kiingereza mbele ya mgeni, mbele ya Baba, ambaye hakuwa amewahi kunisikia nikikiongea na mtu wa nje. Alishika mgongo wa kiti kwa mikono yote miwili.

"Ala! Kumbe ni wewe!" Rehema akasema. "Nimetafuta hadi kwenye friji!"

Tukaenda wote watano kulifukua begi. Juu ya zile nyasi alikuwa ameshajilaza mjusi mnene, akatutolea ulimi wake wa buluu. Yule mama alicheka hadi akajishika mbavu. Alipitia madaftari yote, ukurasa kwa ukurasa, na bado macho yake yalirudi mezani. Aliomba unga usiguswe, akaupiga picha mbili. Ndipo akaketi, akala sambusa nne. Mama alizihesabu kimoyomoyo na akamsamehe.

Mlangoni, akiwa anavaa ndala, alimwambia Baba kibali kitakuja kwa posta, tena cha muda mrefu, asiwe na wasiwasi. Halafu akasema, "Wewe ni mwalimu." Hakuwa anauliza.

"Miaka kumi na minne," Baba akajibu.

"Inaonekana, Mwalimu," akasema, na akaushika mkono wa Baba uliojaa unga.

Baba alimsindikiza hadi kwenye geti dogo la mbele. Gari likaondoka, likakunja kuelekea stesheni. Sisi tukarudi ndani, Mama akaanza kuweka vikombe pamoja, akiimba. Lakini Baba hakurudi. Nilimchungulia dirishani. Alikuwa amesimama palepale getini, mgongo wake umenyooka, unga kwenye suruali nyeusi, anatazama barabara iliyokuwa haina kitu. Akapitisha mkono machoni, akaacha alama nyeupe usoni. Akaendelea kusimama.

Nikaelewa mara moja, kwa akili yangu ya miaka minane. Baba alikuwa analinda asije yule mama akabadili mawazo, akageuza gari. Nikatoka mbio, nikamshika mkono.

"Hatarudi, Baba," nikamwambia. "Usiogope."

Alinitazama, akaubana mkono wangu.

"Basi sitaogopa," akasema.

Nami nikasimama naye pale juani, namlinda, mpaka alipokuwa tayari kuingia ndani.